Kupima Kwanza, Kuandika Baadaye: Maji ya Ng'ambo na Vyombo Vinavyoyahesabu

Kila masika baadhi ya mitaa ya Ng'ambo, mjini Zanzibar, hugeuka madimbwi, na kila masika swali lile lile huzuka barazani: maji haya yamekwama kwa sababu mvua imezidi, au kwa sababu bahari imejaa na kuuziba mdomo wa mtaro? Si swali la kupitishia muda. Jibu la kwanza linataka mtaro mpana zaidi. La pili linataka mlango wa kuyazuia maji ya bahari yasirudi nyuma, au pampu, au bwawa la kuyahifadhi maji kwa saa chache mpaka bahari ipwe. Mji ukikosea hapa, utatumia fedha nyingi kupanua mtaro ambao bado utazibwa na bamvu, yaani bahari inapojaa kupita kawaida. Macho peke yake hayawezi kulijibu swali hili, kwa kuwa mvua huja itakavyo, ilhali bahari hujaa na kupwa kwa mzunguko wa saa 12 na dakika 25 hivi, na mara nyingine viwili hivyo hukutana. Kinachohitajika ni kumbukumbu mbili za dakika kwa dakika, moja ya mvua na kina cha maji mtaroni, nyingine ya kina cha bahari, zikawekwa ubavu kwa ubavu. Hoja ya makala haya ni kwamba thamani ya kumbukumbu hizo huamuliwa ndani ya chombo kidogo cha kupimia, katika mambo mawili ambayo watu wachache huyaangalia: namna chombo kinavyojua kwamba wakati wa kupima umefika, na namna kinavyoandika kipimo kwenye memori kadi. Chombo kinachozichanganya kazi hizo mbili hutoa takwimu zenye sura ya ukweli zisizostahili kuaminiwa. Kinachozitenganisha, hata kikiwa cha bei ndogo, kinaweza kutoa ushahidi wa kujengea mji.

Mazingira yenyewe yanaonyesha kwa nini jambo hili lina uzito. Ng'ambo ilikua mashariki ya mkono wa bahari uliokuwa ukiitenga na Mji Mkongwe. Mkono huo ulifukiwa hatua kwa hatua katika karne ya 20, na leo Barabara ya Benjamin Mkapa, ambayo wengi bado huiita Creek Road, inapita ukingoni mwake. Maji ya mvua yaliyokuwa na njia yake ya asili kuelekea baharini yalilazimika kutafutiwa njia nyingine, huku nyumba zikizidi kusonga mbele kupita Michenzani hadi Mwanakwerekwe na kwingineko, mahali ambapo ardhi ya chini hukusanya maji kwa urahisi. Mradi wa Huduma za Miji Zanzibar, ZUSP, uliopata fedha za Benki ya Dunia kuanzia 2011, ulikuwa na ujenzi wa mitaro ya maji ya mvua miongoni mwa kazi zake. Kwa upande wa bahari, bandari ya Zanzibar ina kituo cha kupima kina cha maji ambacho kumbukumbu zake zinaanzia 1984, na hutunzwa pia na kituo cha takwimu za bahari cha Chuo Kikuu cha Hawaii. Kwa hiyo upande mmoja wa ulinganisho wetu una historia ya miongo minne. Lakini kipimo cha bandarini hakiwezi kueleza kilichotokea kwenye kalvati fulani saa tisa ya usiku wa mvua kubwa. Upande huo wa pili unahitaji vyombo vingi, vilivyotawanywa mitaani, na wingi huo unawezekana tu kama kila kimoja ni cha bei nafuu.

Vyombo vya namna hiyo vinaweza kuundwa hapa hapa. Moyo wake ni maikrokontrola, kompyuta nzima iliyobanwa ndani ya kidude kimoja. Tangu mradi wa Arduino uanze mjini Ivrea, Italia, mwaka 2005, wanafunzi duniani kote wamejifunza kuprogramu vidude hivyo bila kuhitaji maabara kubwa. Kidude cha ATmega328P, kilichomo kwenye bodi ya Arduino Uno, huenda kwa mapigo milioni 16 kwa sekunde na kina baiti 2,048 tu za memori ya kazi, kiasi kisichotosha hata kubeba makala haya. Ukikiunganisha na kihisi cha mgandamizo kinachokaa chini ya maji, kipimamvua, memori kadi na betri, umepata chombo. Kipimamvua cha kawaida cha aina hii kina vibakuli viwili vidogo vinavyopokezana: kimoja kikijaa kiasi cha milimita 0.2 ya mvua hupinduka, na sumaku iliyomo hufunga swichi kwa kama sehemu moja ya kumi ya sekunde. Mvua ya milimita 120 kwa saa, ambayo ni mvua nzito kweli, huvipindua vibakuli hivyo mara 600 kwa saa, yaani mara moja kila sekunde 6.

Programu ya kwanza anayoiandika mwanafunzi kwa chombo hiki huwa rahisi na yenye mantiki: pima, andika kwenye kadi, subiri sekunde 10, rudia. Ukiitazama kwa nusu saa juu ya meza, inafanya kazi. Kasoro yake ni kwamba sekunde 10 hizo huanza kuhesabiwa baada ya kupima na kuandika kwisha. Tuseme kupima na kuandika huchukua kwa wastani sehemu 5 za mia za sekunde. Mzunguko mmoja basi si sekunde 10, bali ni sekunde 10.05. Kwa kuwa siku ina sekunde 86,400, uchelewaji huo hufika dakika 7 hivi kila siku, nao hulimbikizana siku baada ya siku. Sasa urudi kwenye bahari. Wakati wa bamvu, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa Unguja hukaribia mita 4, na katikati ya kujaa kwake bahari hupanda karibu mita moja kwa saa. Dakika 7 za makosa ni sentimita 12 za bahari. Baada ya siku 10, makosa yamezidi saa nzima, nayo ni zaidi ya mita moja ya maji. Kumbukumbu ya namna hiyo ikiwekwa pembeni ya kumbukumbu ya bandarini inaweza kuonyesha kwamba mtaro ulifurika bahari ikiwa imepwa, ilhali kwa kweli ilikuwa imejaa. Takwimu zote zitakuwa na desimali zake na grafu itapendeza, lakini uamuzi utakaotokana nazo utakuwa batili.

Dawa ya kasoro hii ni kutoitegemea programu kuu katika kuhesabu wakati. Ndani ya maikrokontrola mna vihesabio vinavyojitegemea, vinavyoitwa taima, ambavyo huhesabu mapigo ya saa bila kujali programu inafanya nini. Taima moja ya ATmega328P inaweza kuhesabu hadi 65,535. Ikielekezwa kuhesabu pigo moja katika kila mapigo 256, hupata mapigo 62,500 kwa sekunde. Ikihesabu kutoka 0 hadi 62,499, sekunde moja imetimia, nayo huanza upya papo hapo. Kila inapofika mwisho wa hesabu hutoa katizo: kidude huiacha kazi kilichokuwa nayo, hukumbuka kilipofikia, hutekeleza kipande kifupi cha programu kilichowekwa kwa ajili ya tukio hilo, kisha hurudi kuendelea. Fundi cherehani wa mtaa wa Mlandege anajua mpangilio huu vizuri. Adhana haimuulizi amefika mshono wa ngapi. Ikifika saa yake anaiacha sindano ilipo, anakwenda kutimiza alichoitiwa, na anaporudi anaendelea na mshono ule ule. Faida ya katizo la taima ni kwamba kuchelewa kwa mzunguko mmoja hakuusukumi mzunguko unaofuata. Sekunde ya elfu moja hufika mahali pake hata kama sekunde ya mia tisa ilikuwa na shughuli nyingi.

Upande wa pili wa tatizo ni memori kadi yenyewe. Watu huifikiria kama kabati: unafungua, unaweka, unafunga. Ndani yake mambo ni tofauti. Kadi za SD, zilizotangazwa mwaka 1999 na kampuni za SanDisk, Panasonic na Toshiba, hutumia memori ya flashi, iliyobuniwa na Fujio Masuoka na wenzake pale Toshiba katika miaka ya 1980. Memori ya aina hii haiwezi kuandikwa juu ya maandishi ya zamani. Sharti eneo kubwa lifutwe kwanza, ndipo liandikwe upya, na kila eneo huvumilia idadi fulani tu ya kufutwa. Kwa hiyo ndani ya kadi mna kompyuta nyingine ndogo inayohamisha data huku na huku ili uchakavu usiangukie sehemu moja. Mara nyingi kuandika huchukua milisekunde chache tu. Lakini wakati mwingine kadi huamua kufanya usafi wake wa ndani, na kanuni za SD zinairuhusu kadi ya aina ya SDHC kumsubirisha mwandishi hadi milisekunde 250. Programu haipewi taarifa kabla. Kwa robo ya sekunde hiyo, programu iliyozoea kuitupia macho swichi ya kipimamvua kila mara inakuwa imesimama mlangoni mwa kadi, na kibakuli kikipinduka wakati huo hakuna wa kukiona.

Mtu anaweza kusema kwamba kupoteza mpinduko mmoja mmoja si hasara ya kuhesabiwa. Hasara yenyewe kweli huwa ndogo, lakini makosa ya aina hii hayajisawazishi. Kihisi kinachotetereka huenda kikazidisha leo na kupunguza kesho, na wastani ukabaki karibu na ukweli. Mpinduko uliopotea hupunguza tu. Hakuna siku chombo kitakapohesabu mpinduko wa ziada kwa kuwa kadi ilichelewa. Kila kosa linaisukuma mvua kushuka. Na mvua ikionekana ndogo kuliko ilivyokuwa, huku maji mtaroni yakiwa mengi, msomaji wa takwimu ataangukia hitimisho kwamba tatizo ni bahari. Kwa maneno mengine, udhaifu wa programu umeanza kupiga kura katika swali lile lile tulilotaka chombo kitusaidie kulijibu, tena bila kuacha alama yoyote kwenye kumbukumbu.

Hapa ndipo kanuni ya kutenganisha inapopata maana kamili. Kazi ya kupima ina wakati wake na haiwezi kungoja. Kazi ya kuandika haina haraka, ila haitabiriki. Kwa hiyo kazi ya kwanza hukabidhiwa makatizo, na ya pili huachiwa programu kuu. Katika chombo chetu, katizo la taima hupiga kila sekunde na kusoma kihisi cha mgandamizo, jambo linalochukua kama sehemu moja ya elfu kumi ya sekunde. Katizo jingine huamshwa na swichi ya kipimamvua na kuongeza moja kwenye hesabu. Baada ya sekunde 10 vipimo hivyo hufupishwa kuwa rekodi moja: namba ya mfululizo, wakati, kina cha wastani, cha juu kabisa na cha chini kabisa, idadi ya mipinduko, nguvu ya betri, na namba ya uhakiki. Yote hayo yanaenea katika baiti 32. Rekodi hukaa kwenye foleni ndani ya memori ya kazi, na zikitimia 16 huwa baiti 512, ambazo ndizo hasa kipande kimoja cha kadi ya SD. Hapo programu kuu huzichukua kwa pamoja na kwenda kungoja kadi kwa utulivu, huku makatizo yakiendelea kupima na kuijaza foleni upya. Ukijumlisha foleni na nafasi nyingine ya baiti 512 ambayo maktaba ya kadi huihitaji, umetumia nusu ya memori yote ya kazi. Kadi ikichelewa milisekunde 250 hakuna kinachopotea. Ingechelewa hata dakika mbili, foleni ingehimili.

Mpangilio huu una adabu zake, na asiyezishika huharibu alichotaka kujenga. Kuandika kwenye kadi kutoka ndani ya katizo ni kosa, kwa sababu katika vidude hivi katizo moja likiwa kazini mengine hungoja, na robo ya sekunde ya kungoja huko ni ule ule upofu tuliotaka kuukimbia. Kadhalika kuna hatari katika kusoma namba ambayo katizo linaweza kuibadilisha. ATmega328P hushughulikia baiti moja kwa wakati, na namba kubwa kuliko 255 hukaa katika baiti mbili. Programu kuu ikisoma baiti ya kwanza hesabu ikiwa 255, kisha katizo likaongeza moja, halafu ikasoma baiti ya pili, itapata 511, namba ambayo haijawahi kuwepo. Suluhisho ni kuyazuia makatizo kwa kitambo kifupi mno, kunakili namba, na kuyaruhusu tena. Makosa ya namna hii huonekana mara moja kwa maelfu ya mizunguko, kwa hiyo hayagunduliwi kwa kujaribu mezani. Hugunduliwa kwa kuelewa, na hii ndiyo sababu fundi anayenakili programu bila kujua kwa nini imepangwa vile hawezi kutuhakikishia chochote kuhusu takwimu zake.

Baada ya wakati kuna suala la umeme. Unguja inalijua kwa uchungu: tarehe 21 Mei 2008 umeme ulikatika kwa karibu mwezi mzima, na tarehe 10 Desemba 2009 ukakatika tena kwa kama miezi mitatu. Kebo mpya ya chini ya bahari ya megawati 100, iliyokamilika mwaka 2013, imeleta nafuu kubwa, lakini betri ya chombo kilichofichwa kando ya mtaro huisha hata gridi ikiwa nzima. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, tatizo halibaki kwenye rekodi ya mwisho pekee. Katika mfumo wa mafaili wa FAT, unaotumika kwenye kadi nyingi, data hukaa mahali pamoja, na maelezo ya urefu wa faili na vipande vyake hukaa mahali pengine. Programu iliyoandika siku nzima bila kuyasasisha maelezo hayo inaweza kuacha kadi iliyojaa data ambayo orodha ya mafaili inasema haipo. Ndiyo maana programu bora huyasasisha kila baada ya kuandika kipande, hufungua faili jipya kila siku ili ajali isivuke usiku wa manane, na huacha kuandika mara betri inaposhuka chini ya kiwango salama. Kwa hesabu yetu ya rekodi 16 za sekunde 10, kinachoweza kupotea kwenye foleni ni sekunde 160. Nafasi ya kadi haisumbui kabisa: rekodi za mwaka mzima ni kama megabaiti 100, na kadi ya gigabaiti 8 ingetosha miongo kadhaa. Anayenunua kadi kubwa zaidi akidhani ananunua usalama ametibu ugonjwa usiokuwepo.

Anayedhani haya ni wasiwasi wa wanafunzi na akumbuke gari la Spirit, ambalo shirika la NASA lililitua kwenye sayari ya Mars mwezi Januari 2004. Tarehe 21 ya mwezi huo huo lilianza kupoteza mawasiliano, na kompyuta yake ikawa inajizima na kujiwasha tena na tena. Mitambo yote ya gari ilikuwa salama. Memori yake ya flashi ilikuwa imekusanya mafaili mengi mno, na memori ya kazi haikutosha kuyasimamia. Wahandisi waliliokoa kwa kuliamuru liwake bila kuigusa flashi, kisha wakayafuta mafaili. Funzo lake linatuhusu moja kwa moja: mahali pa kuhifadhia pasiwe na uwezo wa kuiua kazi ya kupima. Chombo cha mtaroni kadi yake ikigoma, kinatakiwa kiendelee kupima, kihifadhi mukhtasari wa kila saa katika baiti 1,024 za memori ya kudumu zilizomo ndani ya kidude chenyewe, na kiwashe taa ya kuomba msaada.

Pingamizi la kwanza linalotolewa dhidi ya yote haya ni kwamba zama za memori kadi zimepita: tuma kila kipimo kwa mtandao wa simu, kihifadhiwe mbali. Lina ukweli ndani yake. Chombo kinachotuma taarifa kikifa hujulikana siku hiyo hiyo, ilhali chenye kadi tu kinaweza kukaa mfu mpaka mtu aende kukitembelea. Hata hivyo kutuma huchelewa kuliko kadi, si kwa robo ya sekunde bali kwa sekunde nyingi, kwa hiyo haja ya kutenganisha kupima na kuhifadhi inazidi badala ya kupungua. Tena mtandao huelemewa na minara hukosa umeme wakati ule ule wa dhoruba, ambao ndio wakati tunaouhitaji ushahidi. Hata ramani ya Unguja na Pemba iliyopigwa kwa ndege zisizo na rubani kuanzia 2016, kazi iliyowashirikisha Kamisheni ya Ardhi na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, ilitegemea picha zilizohifadhiwa ndani ya ndege na kushushwa baada ya kutua. Mpangilio unaofaa ni kadi iwe daftari, na mtandao uwe mjumbe anayesoma kutoka kwenye daftari hilo apatapo njia.

Pingamizi la pili ni la wanaosema tumia kompyuta ndogo yenye mfumo kamili, kama Raspberry Pi, uachane na mambo ya makatizo. Kompyuta hizo zina nguvu, lakini mfumo wake hugawa muda kati ya kazi nyingi na hauahidi kwamba kazi yako itaitwa sekunde ile ile unayoitaka. Hula umeme mwingi kuliko betri ndogo inavyoweza kubeba, na kwa kawaida mfumo wenyewe hukaa kwenye memori kadi, hivyo kukatika kwa umeme kunaweza kuizuia mashine isiwake kabisa. La tatu ni kwamba saa ya nje inatosha kumaliza kasoro za wakati. Hili nalikubali kwa sehemu kubwa. Maikrokontrola ya Arduino Uno huendeshwa na resoneta ya kauri inayoweza kukosea hadi nusu ya asilimia, ambayo ni hadi dakika 7 kwa siku, na taima inayohesabu mapigo yake hurithi kosa hilo. Kidude cha saa cha DS3231, kinachorekebisha mwendo wake kulingana na joto, hukosea kama dakika moja tu kwa mwaka, na kinaweza kutoa pigo la kila sekunde la kuamsha katizo. Kitumike. Lakini saa sahihi humwambia tu mwandishi ameandika lini; haimrudishii mpinduko uliopita akiwa mlangoni mwa kadi. Saa na katizo hushirikiana, na hakuna kinachochukua nafasi ya kingine.

Pingamizi zito zaidi ni la mwisho: kwa nini tusinunue vyombo vilivyokamilika na kuthibitishwa? Kwa kumbukumbu rasmi za hali ya hewa, ambazo ni kazi ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, vyombo vilivyothibitishwa ndivyo vinavyofaa, na hakuna fundi wa mtaani anayepaswa kushindana navyo. Ila mafuriko ya mji hayafuati mipaka ya kituo kimoja. Kalvati moja hufurika huku jirani yake likiwa kavu, na bei ya vyombo vya kununuliwa huufanya mji uridhike na viwili vitatu. Zaidi ya hayo, chombo cha kununuliwa nacho kina programu ndani yake, na aliyeiandika alikabili maamuzi haya haya mawili. Mnunuzi asiyeyajua hawezi kuuliza rekodi ngapi hupotea umeme ukikatika, wala kupima jibu atakalopewa. Ujuzi huu basi unahitajika kwa anayeunda na kwa anayenunua, na hapa Zanzibar tunazo taasisi za kuufundisha, kuanzia Chuo Kikuu cha Taifa hadi Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Karume iliyoko Mbweni.

Ufundishaji huo uanze na majaribio, wala hayahitaji fedha nyingi. Chombo kiachwe kifanye kazi siku saba, kisha saa yake ilinganishwe na saa ya simu iliyosahihishwa na mtandao. Kipewe kadi ya zamani iliyojaa na kuchoka, kwa kuwa kadi mpya huficha uvivu wake, na mipinduko ya kipimamvua ihesabiwe kwa mkono pembeni yake. Umeme wake ukatwe kwa makusudi mara kadhaa, tena wakati wa kuandika, kisha kadi isomwe kuona kilichosalia. Wakati uandikwe kwa mfumo mmoja kwa vyombo vyote, ule unaotumiwa na kituo cha bandarini, ili anayelinganisha asichanganye saa moja ya asubuhi na saa 7:00 ya takwimu. Na kila rekodi iwe na namba yake ya mfululizo, ili pengo lionekane. Hilo la mwisho ndilo ninalolipa uzito kuliko yote. Hakuna chombo kisichopoteza kitu, lakini kumbukumbu inayoonyesha kwamba kati ya rekodi 4,812 na 4,829 hakuna kitu inaweza kutumiwa kwa haki, kwa sababu msomaji anajua asitegemee nini. Kumbukumbu inayoziba pengo kimya kimya humdanganya hata aliyeiunda.

Mitaro ya Ng'ambo itajengwa na kujengwa upya katika miaka ijayo, kwa fedha za umma na za mikopo itakayolipwa na watoto wanaosoma sasa katika skuli zetu. Wanaopanga mitaro hiyo wanastahili kuombwa takwimu za mtaa husika, na takwimu hizo zitolewe pamoja na maelezo ya chombo kilivyopima, kilivyoandika na kilichokosa. Mwananchi anayeambiwa nyumba yake ilifurika kwa sababu ya bahari awe na haki ya kuuliza saa ya chombo ilisahihishwa na nini, na fundi aliyekiunda awe na jibu.